Papa Plan, Mtu wa Kumsemea Jirani

Kama hukuwahi kumwona Papa Plan akila bugali, basi hukuwahi kuliona jimbo letu la Tanganyika, huku Kongo, lote kwa mkupuo mmoja. Sahani ikiwekwa mbele yake, hakuanza kula. Aliukata ule bugali mabonge sita, akayapanga: Kalemie kando ya mchuzi, kwa sababu mchuzi ndio ziwa, Moba chini yake, Nyunzu upande wa magharibi, halafu Kabalo, Kongolo na Manono, kila moja mahali pake. Kwa kidole alichora mfereji mwembamba kutoka kwenye mchuzi, na huo ulikuwa mto Lukuga. Ndipo alipoanza kueleza: hapa mahindi, hapa madini, hapa samaki, na hapa katikati pana barabara mbovu inayotuua sisi sote. Njaa ikimzidi alikula palepale alipokuwa amefika kwenye maelezo.

Siku moja mjumbe wa Manono alimshika mkono.

"Papa, apana! Usikule Manono yetu!"

"Sasa nikule nini? Nikule Kongolo?"

"Ndiyo, kula Kongolo. Ile iko kubwa."

Mjumbe wa Kongolo naye alikuwa mezani. Akavuta sahani kwake, yule wa Manono akaivuta tena, na ziwa lote likamwagika kwenye suruali ya Papa Plan. Tulicheka hadi mama mwenye malewa, kile kimgahawa chetu, akatoka jikoni kuuliza kama kuna mtu amesakamwa na mfupa.

Alikuwa mkuu wa mipango ya jimbo. Kazi yake, kwa maneno mepesi, ilikuwa kuzifanya teritwari zetu sita, yaani wilaya za jimbo, zikae chini, zipange maendeleo kwa pamoja, na zitoke na mpango mmoja badala ya kila moja kuvuta kamba kwake. Mji wote ulimwita Papa Plan, na sijui kama kulikuwa na mtu sokoni aliyekumbuka jina lake la kwenye kitambulisho. Mimi nilikuwa mwandishi wa mikutano yake kwa miaka mingi. Nilimsikia akiongea kuliko mke wake alivyomsikia, na mke wake mwenyewe aliniambia niendelee tu, yeye anapumzika.

Alikuwa mfupi, mwenye kiriba cha tumbo, na alicheka kabla ya kumaliza kuchekesha. Hiyo ilikuwa shida kubwa kazini. Tungekuwa na mgeni mzito kutoka mbali, suti na tai, na Papa Plan ameanza kusimulia jambo la maana kuhusu bei ya mihogo, mara mabega yanaanza kutikisika. Tulijua kicheko kinakuja. Mgeni hakujua, akadhani mzee anapata homa. Halafu kicheko kinatoka, kikubwa, na mgeni naye anacheka bila kujua anacheka nini, na mihogo imesahaulika.

Sasa, usidhani mtu aliyepangia jimbo zima alijua kupanga mambo yake. Nyumba yake ilikuwa na ngazi ya saruji iliyopanda vizuri kabisa, ikapinda kwa madaha, ikafika juu na kuishia hewani. Ghorofa halikuwahi kujengwa. Ukimuuliza, alisema ngazi ni awamu ya kwanza. Mke wake, aliyekuwa mfanyabiashara wa ndagala, hakungoja awamu ya pili: alianika samaki wake kwenye zile ngazi kuanzia chini hadi juu, na ukienda kuwatembelea siku ya jua kali, harufu ilikupokea kabla ya wenyeji.

"Ngazi yangu inafanya kazi," Papa Plan alikuwa akisema kwa fahari.

"Inafanya kazi sababu ya miye," mkewe alimjibu. "Weye ulijenga njia ya kwenda mbinguni, miye nikaweka samaki."

Jambo lingine: mpango mzima wa jimbo ulisimama juu ya ziwa. Bandari, mitumbwi ya injini, samaki, biashara na Kigoma ng'ambo, yote ni maji. Na Papa Plan aliliogopa ziwa kama paka. Kwenda Moba, mtu mwenye akili timamu hupanda boti. Yeye alipanda pikipiki, akapita vilimani, akafika amejaa vumbi hadi kwenye kope, sisi wengine tukiwa tumeshaoga na kulala. Nilimuuliza mara moja mbona anaongea kuhusu boti utadhani amezaliwa ndani yake. Akaniambia, "Mama, ndiyo maana nazipanga muzuri. Nafikiria kila kitu kinachoweza kuharibika." Sikuweza kubishana na hilo, na nilikasirika kwa sababu napenda kubishana.

Na makosa yake! Alikuwa na makosa ya watu wenye akili, ambayo ndiyo mabaya zaidi. Wakati fulani aliamua kupanga siku za masoko ya kando ya ziwa ili yasigongane. Wazo zuri. Masoko mawili jirani yalikuwa yakifanyika siku moja, wachuuzi wanagawanyika, kila upande unalalamika kwamba hakuna wateja. Akaketi, akafikiri, akapeleka moja, soko la Mpala, siku ya Jumapili. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wanakuja misheni kusali hata hivyo, mitumbwi imejaa, kwa nini warudi mikono mitupu? Sote tulimpigia makofi. Hakuna aliyekumbuka kwamba mama mwenye kikapu cha samaki hawezi kukiacha nje ya kanisa peke yake.

Basi vikapu viliingia kanisani. Vikakaa chini ya viti, kwenye ujia, hadi karibu na altare. Mama mmoja aliuza samaki wake wa mikebuka wakati wa mahubiri kwa kunyoosha vidole tu, bila kutoa sauti. Padri alisoma Injili ameshika pua. Kesho yake alimtumia Papa Plan ujumbe: samaki wote wa Mpala sasa wameongoka, tafadhali tusaidie na watu. Papa Plan aliusoma ujumbe huo kwa sauti mbele ya biro nzima, ofisi yetu yote, akacheka hadi akakaa chini sakafuni, kisha akapanda pikipiki yake kwenda kuomba radhi mwenyewe. Soko likahamia Jumamosi. Angeweza kutuma mtu, au kumlaumu karani. Hakufanya hivyo, na mimi nilimpenda kwa ajili ya hilo kuliko kwa mipango yake yote iliyofaulu.

Lakini ngoja nieleze lile lililomfanya awe yeye.

Alipoanza kazi, mikutano ya mipango ilikuwa vita. Kila mjumbe alifika na orodha ya kwao, na kila orodha ilikuwa ileile: uwanja wa ndege, chuo kikuu, hospitali kubwa, bandari. Mjumbe mmoja, ambaye kwao hakuna ziwa, aliomba bandari kwa sababu jirani yake alikuwa ameomba bandari. Tulipomuuliza meli zitapita wapi, alisema hilo ni swali la wataalamu. Mikutano ilikwisha kwa makelele, watu wakarudi kwao, na mwishowe mpango ukaletwa umeshaandikwa na watu wa mbali wasioweza kutofautisha Nyunzu na kijiji cha Niemba. Papa Plan aliniambia wazi kile alichotaka kabla ya kupata pensheni: mpango mmoja, uliokubaliwa na sisi sita wenyewe, na angalau kitu kimoja ndani yake kisimame juu ya ardhi. Akishindwa, tutapangiwa tena. Aliposema hivyo hakucheka, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Basi akabuni sheria yake. Katika mkutano wake hakuna mtu aliyeruhusiwa kujiombea. Kila mjumbe alimsemea jirani. Na si kusema kutoka kichwani: kabla ya mkutano ilikubidi uende kwa huyo jirani, ulale kwake, ule chakula chake, upite barabara yake, uumwe na mbu wake. Ukisimama mkutanoni ukasema "sisi kwetu", Papa Plan alipiga meza kwa kijiko na kusema, "Na jirani?" Neno hilo lilimkaa hadi nje ya biro. Mtoto wake akiomba viatu, "Na jirani?" Kinyozi akimuuliza akate nywele namna gani, "Na jirani?", na mtu wa kiti cha pili akashtuka.

Wajumbe walichukia sana mwanzoni. Walisema mzee amepata wazimu, amekaa na makaratasi kupita kiasi. Walitii kwa sababu moja tu, kwamba hakuna aliyetaka teritwari yake ikose msemaji.

Tukafika mkutano wake wa mwisho. Kila mtu alijua ni wa mwisho; barua ya pensheni ilikuwa njiani. Tuliketi katika ukumbi wa parokia, jua limewaka juu ya mabati, wajumbe sita, mimi na kalamu yangu, na swali moja: mradi wa kwanza uwe upi? Mmoja tu. Na mioyoni mwa watu ilikuwepo miwili yenye nguvu. Kalemie ilitaka umeme zaidi kutoka mtambo wa maji wa Bendera, ili samaki wapate barafu wasioze. Nyunzu ilitaka barabara, maana mahindi yalikuwa yakinyeshewa kwenye malori yaliyonasa kwenye tope.

Aliyetoka Nyunzu alikuwa mkulima mrefu, mkali, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Kwa sheria ya mkutano alipaswa kuisemea Kalemie. Aliyetoka Kalemie alikuwa mama muuza samaki, kiongozi wa wenzake wa sokoni, ambaye ulimi wake nisingeutaka uwe dhidi yangu. Yeye aliisemea Nyunzu. Kila mmoja alikuwa amelala kwa mwenzake wiki iliyotangulia.

Mkulima akasimama. Alieleza alivyoamka alfajiri nyumbani kwa yule mama, akaona mitumbwi ikirudi imejaa, na kabla ya adhuhuri akaona samaki wazuri wakitupwa kwa mbwa.

"Miye njo mukulima. Najua kuona jasho inaoza. Umeme ya Kalemie iende mbele."

Yule mama akaruka kutoka kwenye kiti. "Apana! Nani amekutuma kusema vile? Miye nimepita ile barabara yako. Tulisukuma lori, miye na binti yangu mwenye mimba pembeni, tukalala ndani ya tope. Barabara ya Nyunzu njo ya kwanza!"

"Mama, kaa chini. Samaki yako inaoza."

"Iache ioze! Ni samaki yangu! Weye unanihurumia juu ya nini?"

"Na weye unalilia barabara ya nani? Si yangu?"

Mungu wangu, ilianza hivyo. Walipandishiana sauti. Mkulima akapiga kifua na kuapa kwamba hatarudi nyumbani na barabara, atawaambia nini watu wa Kalemie waliompa mukebuka wa kuchoma? Mama akafunga kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana, akisema yeye hatapokea umeme wa kuporwa mdomoni mwa watu waliompa kitanda chao wakalala chini. Mjumbe wa Moba akawa upande wa Nyunzu, wa Kabalo upande wa Kalemie, na wa Manono akaanza kulia tu, bila mtu kujua analilia nini. Nimekaa katika mikutano mingi, nimeona watu wakitukanana kwa ajili ya kuchukua. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kuona watu wazima wakitaka kupigana ngumi kwa ajili ya kuacha. Kalamu ilinidondoka. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikujali nani ananiona.

Papa Plan? Alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika. Tulidhani anacheka. Alipoinua uso, tuliona hapana.

"Endeleeni," akasema. "Endeleeni kidogo tena, tafazali."

Yule mama ndiye aliyetoa jibu, na alilitoa kwa hasira. Alimnyooshea mkulima kidole akasema: "Basi sikia, kichwa ngumu weye. Barabara mpaka Niemba tunaweza kuitengeneza sisi wenyewe na kidogo ya jimbo. Leta mahindi yako mpaka Niemba. Miye naleta samaki yangu Niemba, ikiwa bado iko muzuri. Tunakutana pale. Unanisikia? Pale!"

Mkulima akakuna kichwa. Niemba iko katikati yao. Samaki wa alfajiri wangefika kabla ya kuoza hata bila barafu, na malori ya mahindi yangekwepa sehemu mbaya kuliko zote. Soko moja, lenye paa na siku yake, na kipande kimoja cha barabara kila upande. Umeme na barabara ndefu vingefuata. Mjumbe wa Kabalo akauliza kama watu wake nao wanaweza kuja, na yule mama, ambaye bado alikuwa na kitenge kiunoni, akamwambia aje basi, nani amemfukuza.

Niliandika uamuzi. Wote sita wakatia sahihi. Halafu mkulima na mama wakakumbatiana wakiendelea kugombana.

Papa Plan alipata pensheni, tukamfanyia karamu, akala jimbo zima kwa mara ya mwisho mbele yetu bila mtu kumzuia. Baada ya hapo sikumwona kwa muda mrefu. Nilisikia tu kwamba soko la Niemba limesimama, kisha limekua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaacha kazi ile.

Nikaja kumwona mwaka jana. Nilikuwa kwenye lori kwenda Nyunzu kumtembelea dada yangu, lori likasimama Niemba kupakia, nikashuka kununua maji. Mji mzima wa watu! Mabati marefu, magunia ya mahindi yamerundikwa, samaki wamepangwa kwenye majani, watoto, mbuzi, redio tatu zikishindana. Na katikati ya zile sauti nikasikia kicheko ninachokijua. Papa Plan alikuwa amesimama mbele ya mama mmoja muuza mahindi, amekonda, amevaa kofia ya majani, ana mfuko mkononi.

Nilimkimbilia. Tulishikana mikono hadi yule mama akatuuliza kama tunanunua au tunaoana.

"Papa huyu ni mugeni," alinieleza mimi, akimwonyesha kwa kidevu. "Nilikuwa namuonyesha soko. Hajui kitu."

"Sijui kitu," Papa Plan akakubali kwa unyenyekevu mkubwa.

"Soko hii iko hapa tangu zamani," mama akaendelea. "Bibi yangu aliuza hapa. Bibi ya bibi yangu pia. Watu wa ziwa wanaleta samaki, sisi tunaleta mahindi. Njo vile Mungu alipanga."

Mimi nilikasirika, sitaficha. Pale tuliposimama palikuwa na nyasi zinazonifika kifuani, niliziona kwa macho yangu tulipokuja kupima eneo. Nilifungua mdomo nimwambie huyo mama nani alipanga, na kwamba huyo aliyepanga yuko mbele yake ameshika mfuko. Papa Plan akanikanyaga mguu. Alinikanyaga kwa nguvu, na viatu vyake vilikuwa vizito.

"Na watu ya mipango ya jimbo, Mama?" akamuuliza kwa sauti ya mtoto mwema. "Hawakuja kusaidia?"

Mama alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyepotea njia. Alikuwa akipima mahindi, akaongeza konzi moja ya matabishi, nyongeza ya bure, ndani ya mfuko wa mzee.

"Wa mipango? Ya nini?"

Papa Plan alilipa. Aliaga vizuri. Akatembea kwa heshima hadi nyuma ya malori, mahali ambapo hawezi kuonekana, na hapo akakaa juu ya gunia la mtu.

"Umesikia?" akaniuliza, akinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kidevuni na hakuyafuta. "Umesikia alivyosema? Soko iko yao wenyewe!"

"Nimesikia, Papa."

"Sema tena. Sema na sauti yake."

Dereva wangu alikuwa akipiga honi na kuniita kwa jina. Nikafunga kitenge kiunoni, nikajifanya napima mahindi, nikamtazama kwa huruma.

"Wa mipango?" nikasema. "Ya nini?"

"Tena," akasema. "Mama, tafazali, mara moja tena."